Mahari ya Chumba cha Mwisho

Kama ningetaka kukudanganya, ningekuchagulia uongo wenye faida. Ningesema nimemwona malaika, nikafungua kanisa. Hiki ninachokueleza hakijaniletea chochote ila majirani kunisalimia kwa mbali. Lakini kilitokea, hapa hapa Kakamega mjini, na sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Amini usiamini, hata usiku ulikuwa bado haujaingia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiswahili, na yeyote aliyepitia mikononi mwangu atakwambia nilikuwa mkali wa herufi mbili, l na r. Huku kwetu hizo herufi zimeoana, hata hujui nani mume nani mke. Mtu atakukaribisha kwa l, kisha akutandikie kitanda ulale kwa r. Tena kila kitu ni "yangu". Kitabu yangu, viatu yangu, mahali yangu. Mimi nasimama na chaki yangu mbele ya darasa, nasema: mahali pangu, watoto, pangu. Wanarudia wote kwa pamoja, kengele ikilia wanatoka nje na kuendelea na yao. Lishike hilo neno, maana ndilo lililonifunga.

Sasa utauliza, mwalimu wa kike, hana mume, hana mtoto, anahangaikia nini kununua ploti mbovu? Baba yetu alipofariki kaka zangu waligawana shamba, wakapanda miti ya mipaka. Mimi nilikuwa jikoni nikiwachemshia wazee chai. Niliporudi na birika nikauliza langu liko wapi, mkubwa akacheka, wala si kwa ubaya, akasema mimi ni wa kuolewa. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini. Na kama wewe ni wa huku unajua mambo hayaishii hapo. Binti asiyeolewa akifia nyumbani hazikwi mahali wanapozikwa wenzake. Anatafutiwa pembe huko nyuma karibu na ua, halafu watu wanarudi haraka kunywa chai. Nilimwona shangazi yangu akifanyiwa hivyo.

Basi nilitaka mahali. Utajiri sikuutaka. Nilitaka kipande cha ardhi ambapo hakuna mtu angeniambia nisogee, nikiwa hai au nikiwa maiti. Nilikuwa mpweke, nasema bila haya. Nilikuwa napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Ploti yenyewe ilikuwa upande wa Shirere. Vyumba sita vya kupangisha kwa mstari mmoja, kuta za matope zilizopigwa plasta, mabati yameshika kutu, choo cha shimo kimeinama upande. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa Lugari aliyekwisha kufariki, na mwanawe mkubwa, Ernest, alitaka kuiuza upesi. Wapangaji walikuwa wamehama wote. Ernest alikuwa mtu wa maneno laini. Aliniingiza vyumba vitano, kimoja baada ya kingine, akigonga kuta kwa ngumi kunionyesha zilivyo imara. Ukuta mmoja ulimwaga vumbi, akajifanya hajaona.

Chumba cha sita alisimama mlangoni, hakuingia. Kilikuwa kimejengwa baadaye, unaona hata plasta yake haikushikana vizuri na ya cha tano. Sakafu ilikuwa imebonyea katikati kama godoro lililolaliwa na mtu mmoja miaka mingi. Nikamwambia hii itabidi ivunjwe, imwagwe upya.

"Hapana vunja, mwalimu," akasema haraka. "Wewe ongeza tu simiti juu."

Nilidhani ananihurumia mfuko. Bei aliyotaja ilinichekesha, naye akacheka, tukaachana hivyo, kila mmoja akijua mwenzake atarudi. Akaniachia funguo nikaangalie tena kwa nafasi yangu.

Nilienda Jumamosi, peke yangu. Mvua ya Kakamega unaijua. Asubuhi jua kali, watu wakishamaliza kula mchana wingu linatoka upande wa msitu, na mji unakuwa giza kama umefunikwa sufuria. Ilinikuta nikiwa ndani nikichunguza mbao za paa zilizoliwa na mchwa. Ilikuwa mvua ya mawe, tena ya kelele, na maji yakaanza kuingia kila upande. Nikatoka mbio chini ya upenu nikitafuta chumba kisichovuja, nikipita mlango hadi mlango, mpaka nikafika cha mwisho. Mlango wake ulikuwa wazi. Ufunguo wake ulikuwa mkononi mwangu.

Ndani alikuwapo mama mmoja ameketi juu ya kigoda, amefunga kitambaa cha kijani kichwani, ungo mapajani, anachambua tsisaka, ile mboga yetu chungu.

"Kalibu, mwarimu," akasema. "Mvua ya huku inanyeshanga vibaya."

Sikuogopa. Ningeogopa nini? Mwalimu anajulikana na mji mzima. Nilichokihisi ni hasira juu ya Ernest, aliyeniapia kwamba vyumba ni vitupu. Kununua nyumba yenye mpangaji sugu ni kununua kesi. Nikamsalimu, nikakaa kizingitini, nikamwuliza jina. Akasema anaitwa Robai. Alilitamka kwa l, nami kimoyomoyo nikalisahihisha kwa r.

Tukaongea. Au tuseme yeye aliongea kuhusu nyumba, kama mtu anavyoeleza ugonjwa wa mtoto wake. Alinieleza ukuta wa chumba cha pili hauna msingi wa mawe, kwamba uliwekwa juu ya udongo mtupu mawe yalipoisha. Choo kiliinama kwa sababu wachimbaji waligonga mwamba wakaacha, kwa hiyo hakina hata kina cha mtu kusimama. Mabati ya upande wa barabara yalikuwa yameshatumika kwingine kabla ya kuletwa hapa. Nilikuwa nikishukuru Mungu ndani kwa ndani, maana kila neno lilikuwa linapunguza bei.

Kisha akaniuliza kama nina bwana. Nikasema sina. Akaniuliza kwetu wamenipa nini. Sijui nini kilinipata, maana mimi si mtu wa kumwaga mambo ya nyumbani, lakini nilimweleza yote, shamba, miti ya mipaka, birika la chai, na shangazi yangu pale karibu na ua. Alinisikiliza bila kusimamisha mikono. Hakunipa pole. Alisema tu, "Hata mimi hawakunipea," na mimi nikalia kidogo, kwa sababu ilikuwa miaka mingi tangu mtu aniambie neno lililonifaa.

Kuna jambo niliona nikalipuuza. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka juu chumba kizima, yananipiga hata mimi pale mlangoni, lakini yeye alikuwa mkavu. Nilifikiri amejua kuchagua pa kukaa. Na ule ungo, alivyochambua muda wote ule, haukujaa.

Mvua ilipopungua nikainuka. Ndipo akaniambia, "Wewe nunua, mwarimu. Nunua hii nyumba. Rakini unipatie mahari yangu."

"Mahari?"

"Eeh, mahari yangu. Mzee ariniahidi, akanionyesha kabisa. Hao watoto wake wakakataa."

Nikaelewa, au nikajiona nimeelewa. Kumbe alikuwa mke wa mjini wa yule mzee, na ng'ombe hawakuwahi kupelekwa kwao. Nikamwambia nitawakumbusha hao watoto. Akatikisa kichwa. Akasema si kukumbusha watu wa Lugari, ni mimi ninayenunua, ni mimi nitakayempa. Nikacheka. Nani ameona mnunuzi wa nyumba akitoa mahari? Lakini alikuwa amenisaidia, tena alinisikiliza, na nilitaka kwenda nyumbani.

"Haya," nikasema, "nitakupa."

Nilikutana na Ernest kwenye hoteli moja mjini, chai na mandazi mezani. Alianza na ile bei yake. Nikamwambia ya msingi, nikamwambia ya mabati. Nilipofika kwenye mwamba wa choo akaacha kukoroga chai.

"Nani amekuambia hiyo?"

"Mama wa chumba cha mwisho. Robai."

Ungemwona. Aliangalia mlango wa hoteli kama mtu anayemngoja mdai. Halafu, bila mimi kuongeza neno, akataja bei mpya, chini ya ile niliyokuwa nimepanga kuomba. Mimi na ukaidi wangu nikaongeza kwamba huyo mama anadai mahari yake. Akasema hiyo si maneno yangu, niweke sahihi, tumalize. Hapo ndipo mtu mwenye akili anaposimama na kuondoka. Lakini niambie ukweli, mtu aliyetafuta pa kulaza kichwa maisha yake yote, akapewa kwa bei kama ile, wewe ungesimama? Niliweka sahihi.

Nilipokwenda na kufuli zangu mpya chumba cha sita kilikuwa kitupu. Hakukuwa na kigoda, hakukuwa na jani hata moja. Kwenye lango la ploti ya pili alikaa Mama Zubeda, mfanyabiashara wa chapati kutoka Mumias, amekaa hapo miaka na miaka. Tukasalimiana, salaam aleikum, waleikum salaam, nikamwuliza mama Robai amehamia wapi.

Akalifunika karai lake la moto kwanza. "Robai yupi, mwalimu?"

Nikamweleza. Kitambaa cha kijani, tsisaka.

"Innalillahi," akasema. "Robai alikufa zamani. Alikuwa akimkusanyia mzee kodi, akimtengenezea hizi nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Hakulipiwa hata mbuzi. Alipokufa mimi nilikuwa Mumias kwa mfungo, nikarudi nikaambiwa ameshazikwa kwao, Khayega."

Nilikaa chini palepale kwenye gunia lake la makaa. Nilikuwa nimekaa na maiti nikamwaga machozi mbele yake, na nilikuwa nimemwahidi kitu. Na wewe unajua ahadi kwa aliyekufa haina wa kumwomba akusamehe.

Kwa hiyo nikafanya nilivyoelewa. Pesa zilizokuwa za mabati nikanunua mtamba mwekundu, nikamkodia mtu wa kumswaga hadi Khayega, nikafuata nyuma. Kaka yake Robai alikuwa mzee wa kimo kifupi na mdomo mkali. Alimzunguka yule mtamba, akanizunguka na mimi, akauliza ninatoka ukoo gani na kwa nini mwanamke analeta ng'ombe. Nikasema ni mahari ya Robai. Yule mzee akafunga kamba ya mtamba kwenye nguzo ya zizi lake.

"Basi kuanzia leo wewe ni shemeji," akasema, na watoto wa pale wakacheka, na mimi nikacheka ingawa sikuwa na raha. Nikamwomba anionyeshe kaburi. Akashangaa. Akasema kwao hakuzikwa. Wao waliwaambia watu wa Lugari kwamba maiti haishuki bila ng'ombe, wale wakaondoka nayo, na tangu hapo walijua amezikwa Lugari. Nikarudi Kakamega nikijiambia basi yuko Lugari, nimetimiza yangu, hilo lingine ni la wenyewe.

Nikaanza matengenezo. Fundi aliziba nyufa, akabadilisha fremu za milango, tukachimba choo kipya upande usio na mwamba. Nikahamia chumba cha tano. Kikabaki cha sita, nikamwambia fundi kesho aje na sururu tuivunje ile sakafu iliyobonyea. Jioni hiyo niliingia na chaki kumwekea alama. Niliinama nikachora mstari kufuata pale palipobonyea, nikauzungusha hadi ukakutana. Mvua ikaanza. Nilipoinua macho alikuwa ameketi pale mwisho wa mstari wangu, juu ya kigoda, ungo mapajani.

Safari hii niliogopa. Nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtoto, "Mama, nimekulipia. Kaka yako amempokea mtamba. Mahari yako nimelipa."

Alinitazama kwa huruma, kama mimi nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi aliyejitahidi akakosa.

"Hiyo ni ya ng'ombe, mwarimu," akasema. "Mimi sikutaka ya ng'ombe. Niritaka mahari ya kurara."

Mahali pa kulala. Mungu wangu. Mahali. Nikatazama chini, nikauona mstari wa chaki niliouchora kwa mkono wangu, urefu wake na upana wake. Sihitaji kukuambia ulikuwa umbo la nini. Mimi, mwalimu wa herufi mbili, nilikuwa nimesimama juu ya tumbo la yule mama nikimpangia sururu. Kama angesema "pangu" ningemwelewa tangu siku ya kwanza, lakini nani huku kwetu anasema "pangu"?

Nilitoka kinyumenyume. Sikugeuka mpaka nilipofika kwa Mama Zubeda. Akanipa kikombe cha chai ya tangawizi, akaningoja nikinywe kwanza. Nilipomwambia akashika kifua, akasema siku za Robai vyumba vilikuwa vitano. Pale pa sita palikuwa bustani yake ya tsisaka.

Ernest nilimtafuta mpaka nikamwona, siku ya soko. Sikumpigia kelele. Nilimwuliza tu kama wao ndio waliomzika pale. Hakubisha. Alisema wakati ule kila upande ulikataa, Khayega wanataka ng'ombe, mama yake mzazi kule Lugari hataki kumwona yule mwanamke hata maiti, na baba yake alikuwa amemwahidi Robai ile bustani. Wakamzika asubuhi na mapema kabla mji haujaamka. Baadaye yeye, Ernest, akajenga chumba juu ili ploti iuzike. Kisha akaniangalia kama mtu aliyeonewa.

"Lakini mwalimu," akasema, "si nilikupunguzia?"

Fundi nilimfukuza asubuhi ile alipokuja na sururu. Mabati mapya ya kwanza niliyonunua niliyaweka juu ya chumba cha sita, kabla ya chumba changu. Ile alama ya chaki nilimwita fundi mwingine akaijengea ukingo wa matofali, nikamleta mchungaji akasema maneno machache, na kaka yake akaja kutoka Khayega na mkewe, wakaimba kidogo. Chumba hakipangishwi. Watu wamekuja na pesa mkononi, nyumba ni chache mjini, nikawaambia kina mwenyewe. Ndiyo maana majirani hawakai nami sana.

Mvua ikianza jioni, namsikia ukutani akichambua mboga zake. Usinionee huruma. Nilipomweleza kaka yangu mkubwa habari hizi alisema nimerogwa, nirudi nyumbani niombewe. Nikamwuliza nirudi nyumbani sehemu gani.

Basi wewe unayetafuta nyumba ya bei rahisi, nakuonya. Panda juu uangalie mbao, gonga kuta, chungulia choo, lakini usiishie hapo. Ukiona muuzaji anapunguza bei kabla hujamwomba, uliza ni nani mwingine aliyeahidiwa. Na mtu wa huku kwetu akikuomba kitu, mwambie akitaje mara mbili, kisha mwulize ni cha kufanyia nini, kabla hujasema haya. Mimi darasani niliacha kuwasahihisha watoto. Mtoto akichanganya herufi, namwuliza kwanza alikuwa anataka nini.

Mama Zubeda nimeshamwonyesha, maana yeye ni mwaminifu na atakuwepo. Kando ya ule ukingo wa matofali, upande wa chumba cha tano, sikumwaga simiti. Nimeacha udongo, upana unaotosha mtu mmoja, na tsisaka imeota hapo yenyewe. Siku yangu ikifika wasinipeleke kwa kaka zangu karibu na ua. Hapo ndipo mahali yangu. Nimesema yangu, na usinisahihishe.